Chenso ya kukata mvule mnene: ninunue ipi, na baa ya inchi ngapi?

Kijana wa Kasulu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua chenso kwa kuzishika, siyo kwa kusoma boksi.

Nipo Kasulu. Kwenye shamba la baba mdogo kuna mvule umeangushwa na upepo masika haya. Nimezungusha kamba pale shina linapoanza kunyooka, mzingo umekuja sentimita 350. Kibali ofisi ya misitu tumeshaanza kukifuatilia, hapo msinichape. Halafu Ujiji kuna miembe mizee ndani ya kiwanja cha shangazi, anataka iondoke ajenge.

Kigoma mjini nimeoneshwa chenso ya Kichina ya cc 58, yaani ukubwa wa injini. Muuzaji anasema akinifungia baa (lile bapa refu linalozungukwa na cheni) ya inchi 36 nitakata gogo lolote kwa mkupuo mmoja. Bei inashawishi. Duka la pili wana Stihl MS 382 na baa ya inchi 25, bei yake imenifanya nitoke kwanza nje nikapunge upepo. Tena hiyo 25 nikiipima kwa macho haifiki hata upande wa pili wa gogo.

Ninunue ipi, na baa iwe na urefu gani? Baadaye nataka nipasue mbao hapohapo shambani, maana lori kufika kule ni shughuli.

Mla Migebuka

Kaka chukua ya 36, usijitese. Unakata mara moja, unakwenda zako kunywa chai. Hao wa baa fupi utawaona wanazunguka gogo mchana kutwa.

Fundi Kabari (Urambo)

Mla Migebuka, usimpoteze mwenzio. Chai atakunywa kweli, ila akiwa anasubiri klachi ipoe.

Mdogo wangu wa Kasulu, umefanya la maana kupima kwa kamba. Sasa 350 igawanye kwa 3.14. Unapata sentimita 111 na kitu, yaani inchi 44. Kwa hiyo hata hiyo baa ya 36 haifiki upande wa pili! Huyo muuzaji hakukuuliza unene wa gogo kabla ya kukuahidi.

Baa yenyewe haikati kitu. Inayokata ni cheni, na inayoivuta cheni ni injini. Kwenye cheni ya kawaida ya hatua ya 3/8 (nafasi ya viungo vya cheni, kwa inchi), jino linalokata linakuja kila baada ya inchi moja na nusu. Zamisha baa ya 36 yote ndani ya mti, una meno 24 yanayong'ata kwa wakati mmoja. Baa ya 20 ni meno 13 hivi. Mvule siyo mpapai. Meno 24 ndani yake, cc 58 haziyavuti. Utabana mafuta mpaka mwisho, injini inalia lakini cheni inatambaa, klachi inateleza na kuanza kunuka. Pampu ya oili ya mashine ndogo nayo haina uwezo wa kulainisha baa ndefu hivyo hadi puani. Utaona ncha ya baa inageuka rangi ya buluu na cheni inalegea kila ukigeuka. Hapo ndipo watu wanasema mashine mbovu, kumbe imebebeshwa mzigo usio wake.

Sisi huku tunaenda hivi: cc 45 hadi 50, baa ya 16 au 18. Hiyo cc 58, ishia 20. Za cc 70 na ushee, kama MS 382 (cc 72.2, kilowati 3.9) au Husqvarna 372 XP (cc 70.7), 20 hadi 25. Ukitaka 30 na 36 kwenye mti mgumu, panda kwenye cc 90: MS 661 ni cc 91.1, Husqvarna 395 XP ni cc 93.6. Kuna wazee bado wana MS 070 ya cc 106. Ile inazunguka taratibu lakini inavuta kama ng'ombe wa jembe. Ni nzito mno, inatikisa mikono, na haina breki ya cheni. Ukiikuta ya mtumba usiikimbilie kwa sababu tu ya sifa zake.

Kwa kazi yako: MS 382, baa ya 25. Gogo la inchi 44 unalikata kutoka pande mbili. Inchi 24 huku, inchi 24 kule, ni 48, zinakutana na kupitana kidogo. Zungusha kamba kwenye gogo, fuata kamba kwa kipande cha mkaa, upate mstari unaozunguka mti mzima. Bila mstari mikato yako itakutana vidato. Kata upande mmoja mpaka katikati, gonga kabari nyuma ya baa, kisha hamia upande wa pili. Kabari iwe ya plastiki au ya mti mgumu. Ya chuma ikikutana na cheni ujue umepoteza meno. Na unapoingiza pua ya baa ndani ya mti, anza na sehemu ya chini ya pua. Ile robo ya juu ya ncha ikigusa mti, mashine inarushwa moja kwa moja usoni.

Sasa huo mvule umeanguka, haukukatwa, na hiyo ndiyo hatari kuliko habari ya inchi. Tazama umelalaje. Kama shina limeegemea huku na huku na katikati pana hewa, juu panajibana na chini panavutika. Kata juu kwanza kama robo ya unene, kisha malizia kwa kupandisha kutoka chini. Ukikata juu tu mpaka mwisho, mti unaifunga baa na hutaitoa bila kuifungua mashine. Kama mizizi imeng'oka na kisahani cha udongo kimesimama, mtu yeyote asikae nyuma yake wala shimoni. Shina likishatenganishwa, kisiki kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Watoto wanapenda sana kucheza pale.

Jambo lingine la mvule: una mawe ndani. Mti wenyewe huweka chokaa ngumu kwenye nyufa na majeraha yake ya zamani, na kwa nje huwezi kuijua. Unaenda vizuri, ghafla cheche, na cheni inaanza kutoa unga laini badala ya vipande. Ukiona unga, simama upige tupa. Usiongeze nguvu ya mikono. Kwa cheni ya 3/8 ya Stihl tupa ya duara ni milimita 5.2, na kile kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Watu wanasahau kinundu, wanalinoa jino tu, halafu wanashangaa linang'aa na halili. Njoo shambani na cheni mbili au tatu.

Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua kwa wengine, funika pua na mdomo.

Mafuta: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili nzuri ya 2T. Kizibo cha soda siyo kipimo.

Mama Mbao, Tabora

Shikamoo Fundi. Mimi nauza mbao hapa Tabora mjini, chenso siijui kuishika ila nazijua mbao zake zikifika mezani kwangu.

Kijana, umesema utapasua hukohuko. Fikiria kwanza upana wa mkato. Cheni ya chenso inakula milimita 8 hivi kila inapopita. Ukipasua mbao za inchi moja, kila mikato mitatu umemwaga ubao mzima chini kama unga. Mvule wa inchi 44 unauma kuutupa hivyo. Halafu wapasuaji wa kukisia kwa macho wananiletea ubao mwanzo inchi mbili, mwisho inchi moja na nusu. Fundi samani anauweka kwenye bapa la randa, anacheka, anaondoka. Mimi ndiye ninayebaki nao.

Ushauri wangu: chenso itumie kukata magogo kwa urefu unaotakiwa na kuyagawa mapande manene manne, basi. Mapande yanabebeka hata kwa trekta. Upasuaji wa mwisho upeleke kwenye mashine ya msumeno wa duara au wa ukanda. Na ukishapasua, panga mbao kivulini na vijiti katikati yake. Usizisimamishe juani kama wanavyofanya wengine hapa kando ya barabara.

Fundi Kabari (Urambo)

Marahaba mama. Hapo kwenye unga sina la kubisha.

Ila akikosa kabisa namna ya kutoa mapande, kuna fremu ya chuma inayofungwa kwenye baa na kuteleza juu ya ubao wa kuongozea. Mbao zinatoka sawa. Lakini fremu inameza kama inchi 4 za baa, na kupasua kwa kufuata urefu wa mti kunaichosha injini kuliko kukata kwa kukatiza. Hiyo ndiyo kazi ya zile cc 90. Na cheni inolewe upya: ya kukatiza jino lina pembe ya digrii 30, ya kupasulia shusha hadi digrii 10. Mkato unakuwa laini zaidi, mwendo unapungua kidogo.

Kuyagawa mapande manne kama alivyosema mama, MS 382 inaweza. Laza mashine ubavuni mwa gogo, baa ifuate nyuzi za mti. Zitatoka nyuzi ndefu zinazojikunja, na zinaziba kifuniko cha gia upesi. Zima mashine, zitoe, endelea.

Kijana wa Kasulu

Fundi na Mama Mbao, Mungu awabariki. Basi 36 nimeiacha. Mawili yamebaki. Miembe ya shangazi, hiyohiyo 25? Na nikienda kununua cheni za akiba niseme nini dukani nisipewe isiyoingia?

Mla Migebuka

Mimi naomba tu mgao wa kuni za mwembe, ya chai nimeshaachana nayo.

Fundi Kabari (Urambo)

Miembe ndani ya kiwanja, na nyumba za watu zimekaribiana, hiyo siyo kazi ya kuanzia. Tafuta mtu mzoefu wa kamba, matawi yashuke moja moja, shina libaki la mwisho. Juu ya mti huko hapafai baa ya 25, mashine ndogo ya 14 au 16 inatosha. Shina likiwa chini ndipo ulete 382 yako. Kabla ya kukata, bandua magamba kwa shoka pale unapotaka kupitisha cheni. Miembe ya mjini imepigiliwa misumari ya kamba za nguo na vibao tangu enzi za mababu, na mti umeshaifunika. Utomvu wake nao unawasha, vaa mikono mirefu.

Cheni: usiseme "nipe ya inchi 25" tu. Taja vitu vitatu. Hatua, ambayo ni 3/8. Unene wa vile vimeno vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa baa. Kwa Stihl nyingi za ukubwa huo ni milimita 1.6, imechapwa kwenye baa karibu na mkia. Ukipewa ya 1.5 itaingia lakini itayumba na mkato utapinda. Cha tatu, idadi ya hivyo vimeno: baa ya 25 ya Stihl kwa kawaida ni 84, ya 20 ni 72. Vihesabu palepale kaunta, muuzaji anune asinune.