Naomba ushauri: usiku wa taarab chuoni Marekani

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nasoma chuo kidogo cha sanaa huria, Massachusetts. Mwezi wa nne chama chetu cha wanafunzi wa Kiafrika kinaandaa usiku wa taarab: mhadhara mfupi kuhusu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kisha muziki wenyewe. Udi, fidla na akodioni tunao. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hatuna. Kumleta msanii kutoka Unguja kunataka viza ya P-3, ile ya wasanii wa sanaa za utamaduni maalumu, ambayo chuo ndicho cha kuomba, na ofisi husika imesema muda hautoshi. Idara ya muziki imenielekeza kwa mpiga kanuni wa Kituruki aliyeko Boston.

Je, mtu kama huyo ataziweza nyimbo za Unguja akipewa rekodi na nota, au atahitaji mazoezi marefu na waimbaji?

Pili, viti vya ukumbi vimefungwa sakafuni na wahudumu hawaruhusu watu kuinuka onyesho likiendelea. Taarab bila kutunza kwangu haijakamilika. Lazima mama apite mbele taratibu, noti mkononi. Mliowahi kuandaa huku ughaibuni, hilo mlilipangaje?

Natanguliza shukrani.