Naomba ushauri: Prado ya dizeli inatoa moshi wa bluu, ni ringi au turbo?

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, nina Prado ya injini ya 1KZ. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi mweupe unaowasha macho, ikipata moto unakata. Huo haunisumbui sana, nahisi ni plagi za kupasha au nozeli. Maji ya rejeta hayapungui.

Kinachoninyima usingizi ni wa bluu. Ikikaa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) kisha nikanyage mafuta, wa nyuma yangu haoni barabara. Nikipandisha Marangu ndiyo balaa, na oili inashuka. Nikifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, mvuke unatoka kwa kusukuma na kifuniko kikiachwa juu yake kinachezacheza.

Fundi mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Mwingine anasema sili za turbo (kile kinachosukumia injini hewa), kwa kuwa bomba la hewa lina oili ndani. Lakini si hata pumzi ya injini (gesi inayopenya kwenye ringi) ikizidi hupeleka oili humo humo?

Nataka kwanza ipimwe kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Nani Moshi au Arusha ana geji ya dizeli? Hizi za petroli hazihimili presha ya dizeli. Na kama ni ringi, nibadilishe ringi tupu au silinda zichongwe kabisa?