Eti "bado rangi tu"! Bwana wa kofia ya njano anatuonaje sisi watu wa Kigamboni?

Wakuu,

Mkiona herufi zinarukaruka, ni vidole vina hasira. Yule bwana wa kofia ya njano, mnamjua, yule ambaye kofia yake haijawahi kuguswa na vumbi tangu itoke dukani, leo kasimama mbele ya watu wazima na wazee wenye mvi zao, kaulizwa maghorofa ya Dege, ule mradi wa nyumba ulioachwa njiani huku kwetu, yataisha lini. Kajibu nini? "Pale bado rangi tu." Halafu akacheka.

RANGI TU!

Nyumba 7,460 kwenye karatasi, mradi wa dola milioni 653, kazi ilisimama 2016, upepo wa bahari unapuliza chumvi usiku na mchana, halafu mtu anakwambia kinachokosekana ni brashi na ndoo ya lita 20. Kwa hesabu hiyo hata magofu ya Kilwa bado rangi tu.

Inaonekana hakuna aliyemwelekeza, basi tumwelekeze. Zile nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo kusubiri ghorofa inayofuata ziko uchi miaka yote hiyo. Nondo ya milimita 16 ikiliwa na kutu ikabaki 14, hujapoteza milimita mbili, umepoteza karibu robo ya nguvu yake, maana mzigo unabebwa na unene wote wa duara, si kipenyo peke yake. Ya 12 ikibaki 10 ndiyo kabisa, karibu theluthi imekwenda. Hapo husugui kwa brashi ya waya ukaunga mpya ukaenda kula. Unabomoa zege mpaka ukute chuma kizima, unakata palipoliwa na kutu, unaunga kwa kulaza mara 40 ya kipenyo (sentimita 64 kwa nondo ya 16), ndipo unamwaga upya. Ikishindikana unatoboa nguzo na kupandikiza nondo kwa gundi ya epoksi, na kila tundu lisuguliwe na kupulizwa vumbi kwanza, la sivyo umegundisha nondo na unga.

Sasa bwana rangi, hiyo kazi inafanywa na rangi ipi? Ya maji au ya mafuta?

Ndani ya zege ndiko kubaya zaidi. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inasukuma kutoka ndani mpaka zege linapasuka kufuata mstari wa nondo. Na kwa walivyoweka biskuti (vile vipande vinavyoshikilia nondo ikae ndani ya zege, mbali na uso wake) za milimita 25 kando ya bahari badala ya 50, chumvi ilishafika kwenye chuma siku nyingi. Paka rangi juu ya hapo uone. Masika yanaondoka na rangi pamoja na zege lake.

Na ALICHEKA, wakuu. Angesema hajui, tungemwelewa, kutojua si dhambi. "Bado rangi tu," kicheko, kisha akafungua chupa ya maji akanywa taratibu kama aliyetoka kubeba zege.

Nawasilisha.

Babu Kibada: Pole mkuu. Lakini umeandika gazeti zima kuhusu rangi. Na wewe kunywa maji.

Fundi Ringi: Mleta uzi kwenye nondo uko sahihi, kwenye biskuti umetia chumvi kuliko hiyo bahari. Milimita 25 umeziona wapi? Kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo, haipimwi kwa macho ya barabarani. Kuna kifaa kinapita juu ya zege kinasoma kina cha nondo bila kubomoa. Halafu unachoronga vipande vya silinda, vinakwenda kubanwa maabara. Unachukua unga wa zege kina kwa kina, unapimwa kloridi. Mwisho unavunja kipande na pale palipovunjika upya unanyunyiza fenolfthaleini, dawa ya maabara ya kupima alkali: pakigeuka waridi, alkali ya zege inayolinda chuma bado ipo; pakibaki bila rangi, ulinzi huo umekwisha. Na msidanganywe na mtu anayekuja na nyundo ya Schmidt peke yake, ile inayogonga uso wa zege kukisia nguvu yake. Zege lililokaa muda mrefu hewani uso wake unakomaa, nyundo inasoma juu, ndani hali nyingine kabisa.

Mpiga Chabo: "Pakibaki bila rangi." Kumbe yule bwana alikuwa sahihi jamani, bado rangi tu 😂😂

Mleta uzi: @Mpiga Chabo wewe ndiye yeye. Vua kofia.

Mpiga Chabo: Siwezi, bado lebo ya bei haijatoka.

Mwana Tungi: Mnalilia maghorofa yenye kutu? Kuna watu hawakuruhusiwa hata kununua hiyo nondo ipate kutu. Mji Mpya wa Kigamboni ulipotangazwa 2008, Tungi, Vijibweni na Mjimwema watu waliambiwa wasiendeleze. Amri ilikuwa ya miaka miwili, hofu ikakaa zaidi ya hapo. Ukuta ukiinama, uache uiname. Michoro ilikuwa mizuri sana lakini, minazi imepangwa mistari kama gwaride.

Mama Fidia: Na wengi walipotea kwenye fomu. Kwa kanuni za 2001 fidia si bei ya nyumba na ardhi peke yake. Kuna posho ya usumbufu, kuna usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara 36, na mwenye biashara ana faida ya mwezi mara 36. Ikipita miezi sita bila malipo, riba inaanza kuhesabiwa. Na tangu sheria ya uthamini ya 2016, thamani iliyoidhinishwa ina uhai wa miaka miwili, ikipita inarudiwa. Kosa ni lile lile kila mradi: mtu anasaini bila kubaki na nakala, hajapiga picha minazi yake, siku ya malipo miti 22 imekuwa 12.

Babu Kibada: Ile 2 ya kwanza imeliwa na kutu.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kasimama mbele ya wazee kasema BADO RANGI TU na kucheka.

Abiria wa Feri: Mada ni kivuko. MV Magogoni ilipelekwa Mombasa kutengenezwa 2023, huku nyuma watu wakabanana kama dagaa kwenye fungu. Ghorofa isiyoisha haikuchelewesha kazini.

Mzee wa Tozo: Panda daraja.

Abiria wa Feri: Kwa nauli ya nani?

Mzee wa Tozo: Hapo sasa! Daraja la Nyerere ni mita 680, limefunguliwa 2016, na wenye magari wakawekewa tozo ya kuvuka. 2022 tozo zikapunguzwa, tukaambiwa tushukuru. Mita 680 mkuu. Kuna foleni za mkate ndefu kuliko hapo.

Abiria wa Feri: Wewe una gari, tulia. Anayeshuka feri saa 12 jioni mvua inanyesha ndiye wa kulalamika.

Dalali Makini: Wakuu habari za jioni. Nina kiwanja Kibada, sqm 600, kimepimwa, barabara ipo, umeme nguzo ya pili. Bei maelewano. Njoo PM.

Mama Fidia: "Kimepimwa" ni neno tu. Weka namba ya kitalu na kiwanja hapa, mtu akaone ramani ya mipangomiji na ya upimaji kama zinafanana, aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kisha aende uwanjani na mpima mwenye leseni wahakikishe bikoni (alama za mpaka) zote nne. Bikoni zinatembea huko, hasa usiku.

Fundi Ringi: Dalali, mwezi uliopita kiwanja hicho hicho uliandika sqm 450.

Dalali Makini: Kimekua mkuu. Mvua zilikuwa nzuri.