Matundu ya skrubu kwenye rejeta ya kompyuta yameisha meno: je, yanatengenezeka bila kutoboa?

Mkazi wa Sinza:
Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na prosesa yake inapozwa kwa maji kupitia rejeta ya milimita 240, yaani ile inayobeba feni mbili za milimita 120. Nilipoifungua ili kutoa vumbi nilikuta matundu matatu ya skrubu upande wa feni yameisha meno: skrubu inaingia na kuzunguka, lakini haishiki. Inaelekea aliyeifunga awali alilazimisha skrubu zisizo saizi yake. Feni moja inatikisika na kutoa mlio kila inapoongeza kasi. Fundi mmoja wa Kariakoo amenishauri tutoboe upya kwa drili na kuweka skrubu nene, ila nasita, kwa kuwa maji yakivuja yatamwagikia kadi ya picha iliyo chini yake. Naomba ushauri kabla sijafikiria kununua nyingine.

Tabata Relini:
Mkuu, vunja kijiti cha kiberiti, kitie tundoni pamoja na supagluu, kisha kaza skrubu. Bawaba za milango yangu zote zimepona kwa njia hiyo.

Fundi wa Gerezani:
Njia ya kijiti ni nzuri kwenye mbao, kwa sababu skrubu ya mbao hujikatia njia yake ndani ya nyuzi za mti. Hapa tunazungumzia bati jembamba la chuma au alumini na feni inayotikisika mchana kutwa. Supagluu ikishakauka huwa ngumu lakini hupasuka upesi kwa mtikisiko, na vipande vyake vitaishia kwenye mapezi ya rejeta, yaani vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa.

Ndugu wa Sinza, drili iweke mbali kabisa. Nyuma ya lile bati, milimita chache tu, kuna mirija bapa inayopitisha maji, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba ncha ya drili ikiteleza mara moja umeshapoteza rejeta nzima. Kwanza tujue hasara yenyewe: matundu hayo matatu yamegawanyikaje? Feni ina matundu manne, lakini ikishikwa na skrubu mbili zilizokaa kona kwa kona hutulia vizuri. Pia geuza rejeta uangalie upande wa pili, kwani rejeta nyingi za aina hii zina matundu nane kila upande, na huenda ya nyuma ni mazima. Ukiamua kuhamishia feni huko, angalia mshale wa mwelekeo wa hewa ubavuni mwa feni, na hakikisha pampu haiwi mahali pa juu kuliko rejeta, la sivyo hewa iliyomo ndani itakusanyika kwenye pampu.

Mkazi wa Sinza:
Ahsante sana, fundi. Feni ya kwanza imepoteza tundu moja tu. Ya pili imepoteza mawili, na yaliyobaki yote yako ubavu mmoja, ndiyo maana inapiga kelele. Upande wa pili wa rejeta hautumiki kwangu, kwa sababu mabomba yatabanwa na kasha.

Fundi wa Gerezani:
Basi unahitaji kutengeneza tundu moja tu. La pili liache. Pima skrubu inayoshika kwenye tundu zima kwa vernia (kifaa cha kupimia kipenyo). Watengenezaji wengi hutumia ama M3, yenye kipenyo cha milimita 3, ama 6-32 ya vipimo vya Marekani, yenye kipenyo cha milimita 3.5. Kama ni 6-32, una bahati: hata meno yakiwa yamefutika yote, tundu bado ni dogo kuliko skrubu ya M4, hivyo tapu ya M4 (kifaa cha kukatia meno ya skrubu ndani ya tundu) inayozungushwa kwa mkono itakata meno mapya bila drili. Toa rejeta nje ya kasha, paka grisi kwenye tapu ili inase unga wa chuma, na chomeka kipande cha kadi ya plastiki kati ya bati na mapezi. Matundu ya feni nyingi hupitisha M4 bila shida.

Ikiwa ni M3, mimi ningetumia gundi ya epoksi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili. Safisha tundu kwa spiriti, paka skrubu grisi nyepesi, jaza gundi, ingiza skrubu ikiwa imenyooka na uiache hadi kesho yake; kisha ifungue taratibu, na meno yatakuwa yamejichora. Joto la maji ya rejeta halitaisumbua.

Mbezi Beach:
Kuna wanaozungushia waya wa shaba tundoni ili skrubu ibane. Kwa unyevu wa huku pwani nisingefanya hivyo kama bati ni la alumini, kwa kuwa shaba ikigusana nayo huiharakisha kuliwa na kutu.

Jambo jingine ni urefu wa skrubu. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, hivyo skrubu ya milimita 30 huacha takriban 5 za kuingia kwenye rejeta. Ukinunua M4 mpya, usikubali uliyopewa kwa kukisia: ipitishe kwenye feni ikiwa mkononi, pima kinachojitokeza upande wa pili, na kikizidi milimita 5 ongeza washa (kile kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu) au ikate kabla ya kuifunga.