Mtoto wa darasa la nne apewe pesa za wiki nzima au za siku moja moja?

Baba wa Kihonda: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Kijana wangu anasoma darasa la nne hapa Morogoro, na kila asubuhi humpa shilingi 500 za mapumziko. Hesabu za fedha anaziweza, kwani ukimuuliza chenji ya shilingi 2,000 hujibu papo hapo, lakini pesa yenyewe haikai mkononi: huishia kwenye ubuyu na barafu, na mwalimu wake ameniambia kwamba sasa anakopa kwa wenzake. Nyumbani karibu kila kitu, kuanzia LUKU hadi king'amuzi, tunalipia kwa simu, kwa hiyo haoni pesa ikitoka. Anachoona ni namba ya siri ikibonyezwa. Je, nimpe za wiki kwa mkupuo? Nimlipe akiosha vyombo? Au nimfungulie akaunti?

Mwalimu wa Hisabati: Mpe shilingi 2,500 Jumapili jioni, kwa sarafu na si kwa noti, azigawe mwenyewe mbele yako. Zikiisha Jumatano usimwongezee, ila mfungashie kiporo ili asishinde na njaa. Madeni ayalipe kutoka katika pesa hizo hizo, hata kama itamchukua wiki kadhaa.

Mama Genge: Naunga mkono, ila kugawa pesa ya kupewa ni nusu tu ya somo. Binti yangu wa darasa la tano hunisaidia kuhesabu mauzo ya jioni: kwanza tunatenga pesa ya kurudi sokoni alfajiri, kisha ya ushuru, ndipo tunatazama kilichobaki. Mara ya kwanza alidhani droo nzima ni faida, akashangaa kuona kilichobaki hakizidi bei ya kilo ya sukari. Kuhusu simu, kaka, usimfiche ujumbe wa muamala; msomeshe kiasi kilichotumwa, makato na salio, kisha umwache akadirie salio la muamala unaofuata kabla hujabonyeza. Vyombo usimlipe kamwe, maana hata wewe hulipwi kwa kula nyumbani kwako.

Mhudumu wa Benki: Kwa vyombo nakubaliana na dada, lakini kazi ya ziada, kama kuuza mayai ya kuku anaowalisha mwenyewe, inastahili malipo. Akaunti za watoto zipo, zikiwemo Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB. Mzazi huifungua kwa cheti cha kuzaliwa na kuisimamia yeye. Hata hivyo, ningeanza na kibubu, kwa sababu mtoto wa umri huo huamini anachokisikia kikigongana ndani. Sharti ni moja: ada ikibana, usikivunje kimyakimya, jambo ambalo wazazi wengi tunalifanya. Mwombe mkopo, mpangiane tarehe, na umlipe.

Mzanzibari: Anayeepuka riba aulize mapema aina ya akaunti; Amana Bank, kwa mfano, imekuwa ikifuata misingi ya Kiislamu tangu ilipoanza mwaka 2011.

Baba wa Kihonda: Nawashukuru. Nitaanza na sarafu na kibubu Jumapili hii. Mdogo wake wa darasa la kwanza naye akitaka za wiki?

Mwalimu wa Hisabati: Huyo mpe za siku mbili kwanza, wiki kwake bado ni mbali mno.