Mwanafunzi kanibana na swali la ozoni, naombeni msaada

Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tatu, na Jumatatu nina deni la jibu.

Niliwachorea ubaoni: mionzi ya urujuanimno yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 240 inavunja O₂ kuwa atomu mbili. Kila atomu inadaka O₂ nyingine, mradi iwepo molekuli ya tatu, mara nyingi nitrojeni, ya kuondoka na nishati ya ziada. Hapo tunapata O₃, yaani ozoni. Ozoni nayo ikinyonya mionzi, hasa karibu na nanomita 255, inavunjika kisha inaundwa upya, na mionzi inaishia kuwa joto. Darasa kimya, nikadhani nimeeleweka.

Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama jua ndilo linatengeneza ozoni, si sisi wa Ikweta ndio tungekuwa na nyingi?" Nikakosa la kusema.

Nimeangalia vipimo vya setilaiti. Tropiki ni kama vizio 260 vya Dobson (kipimo cha wingi wa ozoni angani), huku kaskazini ya mbali mwezi Machi hupita hata 400. Kinyume kabisa! Nimerudia maelezo ya mwanasayansi Chapman ya 1930 kuhusu ozoni inavyoundwa, nayo yanaishia kwenye kemia tu. Mahali fulani wametaja mzunguko wa hewa ya juu unaosukuma ozoni kuelekea ncha za dunia.

Je, mzunguko huo ndio jibu lenyewe, au kuna kingine? Na nitauonyeshaje darasani? Maabara yetu, kusema kweli, ina ndoo, mishumaa na maji ya bomba.