Jumba la Chatsworth lilinunuliwa au ni la ukoo tangu enzi? Nina ubishi hapa nyumbani

BintNgamiani
Asalaam alaykum wana jukwaa. Jana usiku barazani kwetu, Barabara ya 12, baba mdogo kanionyesha kwenye simu jumba la Duke wa Devonshire, Chatsworth, huko Derbyshire. Kashikilia kwamba Wazungu wale hawakununua, "walikuwepo tu kama mibuyu." Mie nikabisha. Tumewekeana mkate wa kumimina. Nani anajua?

MzeeMasijala
Waalaykum salaam, mwanangu. Mkate ni wako.

Mwaka 1086, William Mshindi alipoorodhesha ardhi ya Uingereza, Chatsworth iliandikwa mali ya mfalme. Baadaye ikashikwa na ukoo wa Leche. Hao Cavendish, wazee wa Duke, waliingia mwaka 1549 tu. Sir William Cavendish na mkewe Bess wa Hardwick walinunua kwa pauni 600.

Mimi nimekula vumbi la majalada ya ardhi miaka mingi, na kila hati ninayoishika naanza na swali moja: jina la mke limo? La Bess lilikuwemo. Haikuwa bahati, mama yule alikwisha kuumwa na nyoka. Baba yake alifariki 1528, kaka yake mchanga, na kwa sheria yao ya wakati ule mtoto akiachwa mdogo ardhi ilishikwa kwa niaba ya mfalme mpaka akue. Hardwick, ardhi ya kwao, ikaliwa na wengine wao wakitazama. Akaolewa kwanza na Robert Barley, naye akafa 1544. Mjane alistahili theluthi, ya kutumia maisha yake tu, na hata hiyo aliipata kwa kesi. (Sisi Waislamu thumni mume akiacha mtoto, robo asipoacha, lakini ukishapewa ni yako, uza ukitaka.)

Kwa hiyo Cavendish alipofariki 1557, akidaiwa na serikali zaidi ya pauni 5,000, Bess hakutikisika Chatsworth. Aliendelea kujenga, akaolewa tena mara mbili, akakaa nayo mpaka kifo chake 1608.

MlaPweza
Waume wanne! Huyo angekuwa Tanga tungemtungia taarab 😂

BintNgamiani
Shukran, babu. Ila baba mdogo hajakubali. Anasema baada ya Bess basi ikawa urithi mtupu, baba kwa mwana.

MzeeMasijala
Mwambie wapi! Ilimwangukia Henry, mtoto wa kiume mkubwa, ambaye mama yake alikuwa hampendi. Mdogo wake William akainunua kwake. Ndugu kamuuzia ndugu, kama lile shamba la minazi kule Pangani lililonifanya nisisalimiane na binamu yangu miaka sita. William huyo akawa Earl wa Devonshire 1618, na cheo cha Duke kikaja 1694. Hata jumba mnalolitazama kwenye simu si la Bess: kujengwa upya kulianza 1687.

BintNgamiani
Nimemsomea yote kwa sauti. Kanyamaza, kanywa kahawa, halafu: "Kama mali ilitulia kwa mama, basi huyo Bess alikuwa Mdigo." Unga wa mchele keshautuma dukani.

MlaPweza
Mtubakishie kipande.